Wasomaji Wauliza: Mikanda ya Zamani na Mtoto Mdogo Sebuleni

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, ambako baridi ya Juni na Julai huwaingiza watu ndani mapema na filamu za zamani hutolewa tena kabatini. Tumezifupisha barua, majibu tumeyaacha marefu pale inapobidi.

SWALI: Habari za kazi, wanangu. Ninayo mikanda ya video kama thelathini. Mingi ni filamu za miaka ya tisini, mingine ni harusi na ubatizo wa watoto wangu. Imekaa stoo tangu tuliponunua TV ya flati. Deki bado inawaka, ila mkanda wa kwanza niliouweka umetoa chenga tupu, sauti inasikika vizuri. Mikanda mingine ina unga mweupe ukiitazama kwenye kidirisha. Niiweke tu nione?
*Mama mstaafu, Tukuyu*

JIBU: Shikamoo mama. Yenye unga usiiweke. Una matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Mkanda unaotoa chenga huku sauti ikiwa safi huenda ni mzima kabisa. Kwenye deki za kawaida sauti husomwa na kichwa kisichozunguka, na picha husomwa na vichwa vidogo vilivyo kwenye ngoma inayozunguka. Sauti ikija na picha ikakataa, vichwa vya picha vimeziba. Kama chenga zingekuwa mstari mmoja tu juu au chini ya picha, tungesema bonyeza kwanza kitufe kilichoandikwa TRACKING, taratibu, mpaka mstari utoke. Chenga zilizojaa skrini nzima ni uchafu.

Chomoa waya ukutani, fungua kifuniko cha juu cha deki. Utaiona ngoma inayong'aa, imelala kidogo upande. Lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kama kile cha kufutia miwani, kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kigusishe kwenye ngoma kwa kidole kimoja bila kukandamiza, kisha kwa mkono wa pili zungusha ngoma kutokea juu, mizunguko minne au mitano. Kitambaa kinatulia, ngoma ndiyo inayotembea. Usisugue juu na chini hata mara moja: vile vichwa ni vipande vyembamba vinavyochomoza kidogo ukingoni mwa ngoma, na kimoja kikivunjika deki imekwisha. Pamba za masikio zisifike hapo, nyuzi zake hunasa. Zitumie kwa kichwa cha sauti na kwa kinguzo cha chuma kinachovuta mkanda. Spiriti ya zambarau ya kuwashia majiko huacha mabaki, na isopropili ya asilimia 70 ina maji mengi, hivyo hukawia kukauka. Ukimaliza, subiri nusu saa kabla ya kuwasha.

Sasa ule unga. Hiyo ni kuvu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na stoo iliyofungwa ndiyo makazi yake. Mkanda mmoja wenye kuvu ukipita kwenye deki huacha vumbi lake kwenye ngoma, na kila mkanda utakaofuata utalibeba. Itenge hiyo mikanda leo. Ikaushe ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba mipya, wiki mbili au tatu, mpaka kuvu iwe kavu kabisa. Usiianike juani, plastiki hujikunja na mkanda hautakaa sawa tena. Ikikauka, toka nje, vaa barakoa na glovu, fungua kasha (lina skrubu tano upande wa chini), futa kingo za mkanda kwa kitambaa kikavu, kisha hamishia magurudumu kwenye kasha safi la mkanda usiouhitaji. Kama mikono haina uzoefu mpe fundi, lakini mwambie waziwazi kwamba kuna kuvu ili asiiingize kwenye deki yake nzuri.

Jambo moja ambalo watu wa sehemu za baridi hulisahau: deki au mkanda ukitolewa stoo ya baridi ukaletwa sebuleni penye joto, umande hujikusanya kwenye ngoma na mkanda hunata. Viache vitulie saa tatu au nne kabla ya kuwasha.

Anza na harusi na ubatizo. Filamu ya miaka ya tisini inaweza kupatikana kwa mtu mwingine. Ubatizo wa mwanao uko kwenye mkanda huo mmoja tu. Kuna kifaa kidogo cha kunasia video kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa USB, upande wa pili kina pini za njano, nyekundu na nyeupe za kutoka kwenye deki. Kwenye programu chagua PAL, mfumo wa video wa huku kwetu. Ukiacha NTSC, picha hutoka nyeusi na nyeupe au inaruka. Hakuna njia ya mkato hapa: mkanda wa E-180 ni saa tatu, na kuunakili ni saa tatu zilezile. Ukirekodi kwa kiwango cha megabiti 4 kwa sekunde, saa moja itakula karibu GB 1.8. Fanya nakala mbili, zikae kwenye nyumba mbili tofauti.

SWALI: Kamwene, Mhariri. Nimenunua TV ya inchi 43. Filamu ninazozipenda tangu utoto, nikiziweka, watu wanaonekana wanene na wafupi, na mwendo wao umekuwa laini mno kama taarifa ya habari. Kwenye TV ya chogo hazikuwa hivyo. Tatizo ni TV au flashi?
*Kijana wa Kihesa, Iringa*

JIBU: Kamwene. Flashi haina kosa. TV imetoka kiwandani na mipangilio ya kuvutia macho dukani, na filamu yako ilitengenezwa kwa skrini ya umbo jingine.

Filamu nyingi za zamani zilizorekodiwa kwa ajili ya TV zina umbo la 4 kwa 3. TV yako ni 16 kwa 9, na imeivuta picha pembeni ili ijaze. Bonyeza kwenye rimoti kitufe cha ukubwa wa picha, chagua 4:3 au Original. Pembeni patabaki na weusi, na ndivyo inavyotakiwa: aliyepiga picha aliyapanga yote ndani ya mraba ule. Ukichagua Zoom utaondoa weusi, lakini utakuwa umekata vichwa vya watu juu na miguu chini.

Ule ulaini wa mwendo una sababu yake. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV mpya hubuni picha za katikati na kuzichomeka ili mwendo uteleze, na hapo ndipo filamu inapopoteza ladha yake. Ingia kwenye mipangilio ya picha uzime: kwa Samsung inaitwa Auto Motion Plus, kwa LG ni TruMotion, kwa Sony ni Motionflow. Kisha toa Vivid, weka Movie au Cinema, na rangi iwe Warm. Jioni ya kwanza utaona picha imekuwa ya manjano kidogo. Baada ya filamu mbili jicho litazoea, na nyuso za watu zitarudi kuwa nyuso. Punguza pia Sharpness karibu na sifuri. Kwenye nakala ya zamani kazi yake ni kuchora mistari myeupe kuzunguka kila kitu.

SWALI: Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi sita. Dada wa kazi anamwekea katuni asubuhi ili apate kufua, na mtoto anatulia kimya. Kuna ubaya? Jirani anasema zinamfundisha kuongea.
*Mama, Uyole*

JIBU: Zime, mama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora zaidi. Katuni kumfundisha kuongea ni imani iliyoenea sana, ila watoto wa umri huo hujifunza kwa skrini kidogo mno kuliko wanavyojifunza kwa mtu anayewaangalia usoni na kuwajibu. Utulivu unaouona ni macho kushikwa na rangi zinazobadilika. Mtoto hafuati hadithi.

Dada naye anahitaji kufua, hilo lazima lipatiwe jibu. Beseni dogo lenye maji kidogo, kikombe na soksi chafu, akae karibu na dada wafue wote. Asiachwe peke yake na beseni hata kwa dakika moja, maji machache yanatosha kumzamisha. Siku ya mvua mpeni sufuria na mwiko huku redio ikipiga nyimbo. Kuongea na bibi yake kwa simu ya video tusikuzuie: bibi anamjibu, na mtoto anajua anaongea na mtu.

SWALI: Binti yangu ana miaka miwili na miezi minane. Nina hamu kubwa ya kumwonyesha filamu nilizokua nazo. Nimejaribu mara kadhaa: dakika kumi ameondoka, au analia, au anataka kurudia sehemu ileile tu. Nimkazanie au nisubiri?
*Baba, Mafinga*

JIBU: Usimkazanie, na huna haja ya kusubiri mpaka aanze shule. Punguza kipimo. Mtoto wa umri huo hatazami filamu, anatazama kipande. Dakika kumi alizokaa ni nyingi. Zikifika kumi na tano umevuna vizuri. Filamu ya dakika tisini ni kazi ya wiki nzima, jioni sita au saba, kipande kimoja kimoja.

Maandalizi yako ndiyo yanayoamua. Itazame filamu nzima peke yako kabla, mtoto akiwa amelala, na karatasi mkononi. Wengi hushangaa hapa, kwa sababu filamu iliyobaki kichwani ni ile ya furaha tu, na ile iliyo kwenye flashi ina mama anayekufa dakika ya saba. Karatasi yako iwe na saa na tukio, hivi:

*02:10 – treni inaingia, honi kali. Punguza sauti.*
*09:30 – kuku wanakimbia uani. HAPA PAZURI, anzia hapa.*
*14:45 – baba anampiga mtoto kofi. Ruka hadi 16:20.*
*21:00 – wanakula. Simamisha, malizia hapa.*

Tafuta mahali pa kusimamia kabla hujatafuta mahali pa kuanzia. Kipande kizuri huishia pale watu wanapokula, wanapolala, wanapofika nyumbani. Ukikata katikati ya mbio atalia, na atakuwa na haki.

Yanayomtisha mtoto wa miaka miwili siyo yale unayoyadhania. Bunduki huenda asiijali, hajui ni nini. Atatishwa na uso unaobadilika, mtu anayevaa kinyago, mama anayetoweka, sauti inayolipuka ghafla baada ya ukimya. Weka sauti chini kidogo kuliko unavyopenda, zima subufa, acha taa ikiwaka. Akificha uso kifuani mwako, simamisha papo hapo na umwambie kwa ufupi ulichokiona: "Umeogopa yule babu. Amevaa kofia kubwa. Tumemzima." Kumwambia kwamba ni filamu tu hakusaidii, kwa kuwa bado hatenganishi vizuri kilicho cha kweli na kilichotengenezwa.

Lugha isikuzuie. Nchi hii ina mapokeo mazuri ya watafsiri wa vibanda vya video, waliosimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake. Fanya hivyo kwa mtoto, ila kwa sentensi fupi na kwa kumpa nafasi: "Mbwa huyo. Anaenda wapi?" Kisha nyamaza, hesabu moja mpaka tano moyoni. Jibu lake likija, hata likiwa "wau", lipokee na uliongeze: "Ndiyo, mbwa anaenda mtoni." Kazi ya kukaa pamoja mbele ya TV iko katika sekunde hizo. Ukiwa na simu mkononi hutaziona.

Kuhusu kurudia, mwachie. Kipande kilekile jioni tano mfululizo kinakuchosha wewe; yeye, mara ya kwanza ameona kuku, mara ya tatu ameona kwamba kuku wanakimbia kwa sababu ya mbwa, mara ya tano anajua mbwa yuko karibu kutokea na anakuonyesha kwa kidole kabla hajaonekana. Hapo ameanza kufuata hadithi, na ndiyo ruhusa yako ya kuongeza kipande kinachofuata.

Uchaguzi: anza na sinema zenye maneno machache na picha inayokaa muda mrefu kabla ya kukatwa. Sinema bubu za Charlie Chaplin za 1916 na 1917 zina urefu wa dakika 20 hadi 30, na kuanguka kwa mtu hakuhitaji tafsiri. Filamu ya Kifaransa ya 1956, *Le Ballon rouge*, ni ya dakika 34 hivi na karibu haina mazungumzo: mtoto anafuatwa na puto jekundu mitaani Paris. Ni nzuri mno kwa umri huu, lakini karibu na mwisho wavulana wanalipiga puto kwa manati, nalo linasinyaa polepole mbele ya macho. Mara za kwanza simamisha kabla ya hapo. Filamu za Kibongo za miaka ya 2000 tunazipenda, ila nyingi ni za ndoa, ugomvi na uchawi, hizo zisubiri. Akitaka katuni ya Kiswahili, *Akili and Me* ya Ubongo wa Dar es Salaam inafaa kwa watoto wa shule ya awali, na hatakosea akiianza anapokaribia miaka mitatu.

Maliza saa nzima kabla ya muda wake wa kulala, na kesho yake mpe kitu cha kuigiza alichokiona. Puto moja la dukani litafanya kazi kubwa.

SWALI: Huku Makete baridi ni kali. Tukitazama filamu usiku tunaingiza jiko la mkaa sebuleni na kufunga madirisha, watoto wanakula bisi na karanga. TV iko juu ya meza. Kuna la kurekebisha?
*Msomaji, Makete*

JIBU: Yapo matatu, na la kwanza lisingoje kesho. Jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa. Mkaa uliokolea hauna moshi, lakini bado unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mbele ya filamu usingizi wa mtoto haumshtui mtu. Mtoto hupumua haraka kuliko mkubwa, kwa hiyo hudhurika kwanza. Tumieni blanketi, soksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo.

Bisi na karanga nzima ni za watoto waliozidi miaka minne. Wadogo huvuta pumzi wakicheka, na punje huingia njia ya hewa. Wape parachichi, ndizi mbivu, au kiazi kilichopondwa.

TV ifungwe ukutani kwa mkanda au waya kupitia matundu ya skrubu ya nyuma. Ikiwa ni ya chogo, inchi 21 ina kilo 20 na zaidi, na uzito wote uko mbele. Mtoto akining'inia mezani inamfuata yeye.

Tunaongeza moja ambalo hukuuliza. Rimoti ndogo nyembamba za deki na redio hutumia betri bapa mfano wa kitufe. Ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili. Funga mfuniko wa betri kwa utepe wa gundi. Mtoto akimeza, nendeni hospitali mara moja mkaombe picha ya eksirei, msimtapishe, msimpe chakula. Kama amezidi mwaka mmoja, anaweza kumeza na hazijapita saa 12, mkiwa njiani mpeni vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika kumi, visizidi mara sita. Asali hupunguza kuungua. Haiondoi betri, kwa hiyo msichelewe kwa kuitafuta.

SWALI: VCD zangu zinakwama dakika za mwisho. Nataka kuzihamishia kwenye flashi.
*Mwalimu, Njombe*

JIBU: Mwalimu, VCD husomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo dakika za mwisho ziko ukingoni, mahali vidole hushika. Osha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Kwenye kompyuta fungua folda ya MPEGAV, nakili faili la DAT. Ukibadilisha mwisho wa jina kuwa mpg, TV nyingi hulisoma. Ikikataa, ligeuze kwa programu ya VLC, ambayo ni ya bure. Diski moja ni dakika 74 hivi, ndiyo maana filamu nyingi zilikuja kwa diski mbili, na flashi ya GB 8 itabeba filamu kama tano. Kompyuta ikikwama kwenye mkwaruzo, jaribu kisomaji kingine cha diski kabla ya kukata tamaa, hutofautiana sana. Nakala hizo zibaki za kutazamia nyumbani; kuziuza au kuzisambaza kunahitaji idhini ya mwenye filamu.